Ni Mfupa Tu

Mvua ya Leeds hainyeshi, inasuasua
kama mdaiwa anayekaribia mlango wa mdai wake.
Jumanne, Harehills. Kioo cha mgahawa kimeshika ukungu
na mtoto wa mtu amechora juu yake
ng'ombe mwenye miguu mitano.

Ndani joto, mpira kwenye runinga,
madereva wanne wa malori wanafyonza mazondo, hawasemi na mtu.
Naisoma orodha ukutani toka juu hadi chini
kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya darasa la saba:
mkia, matumbo, kwato, soseji ya kuchoma, kuku wa kienyeji.
Chini kabisa, kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino:
muriwo, majani kwa karanga.

"Haya yana nyama?"
Kijana, Anesu kwa mujibu wa kibandiko cha kifuani, anaapa:
"Hayana, dada. Ni mfupa tu. Wa ladha."

Ni mfupa tu.
Mwaka ule niliposhuka kwa mabasi toka Tunduma hadi Windhoek,
begi moja, karanga mfukoni kama hirizi,
Livingstone walinipa mayai. Asubuhi mayai, jioni mayai,
siku ya nne nikaanza kuwaonea kuku haya.
Francistown mama mmoja alisikitika kweli nilipokataa nyama,
akarudi na sahani imefunikwa, anatabasamu: kuku.
Huyu si nyama, alisema. Nyama ina kwato.
Windhoek wakaniletea saladi, na juu ya saladi vipande vya nguruwe,
"vidogo sana," alisema mhudumu,
akanionyesha udogo wake kwa ncha ya ukucha.
Na kila kituo, swali lile lile nililoliacha Dodoma:
Wewe Msabato? Una gauti? Nani kakuroga?

Simlaumu mtu. Lugha yangu yenyewe hainitetei.
Kwetu mtu huuliza, Leo mboga gani?
akajibiwa, Nyama,
na hakuna anayecheka.

Anesu amelipeleka swali langu jikoni
kama aliyebeba maji kwa viganja.
Anatoka Mai Ruvimbo mwenyewe, mwiko mkononi,
miwani imejaa mvuke. Anaifuta, anaivaa, ananitazama.
"Unaumwa?"
"Hapana."
"Basi umeamua."
"Nimeamua."

Anavuta kiti, kiti kinalia.
"Kwetu Gokwe," anasema, "nyama ilikuja Krismasi
na siku za msiba. Siku nyingine majani. Majani, majani.
Hakuna aliyetuuliza kama tumeamua.
Nilipofika nchi hii nilikula nyama miaka mitatu mfululizo
kama mtu anayelipiza kisasi."

Sikuwa na jibu. Kwenye runinga timu fulani ilifunga,
dereva mmoja akapiga meza.
Niliiona aibu yangu, ndogo,
ukubwa wa ncha ya ukucha.

Akainuka. Nikasikia sufuria nyingine ikishushwa rafuni,
bomba, kisu ubaoni, mafuta yakiitikia.
Sadza ilikuja nyeupe, inafuka,
na majani ya kijani kibichi, karanga zimeshika kila mkunjo.
Nikafinyanga tonge. Nikachovya.
Sitasema ladha yake; sikusema lolote
mpaka ua la katikati ya sahani lilipoonekana.

Akapita nyuma yangu, akainama.
"Imepungukiwa kitu."
"Chumvi," nikasema.
"Mfupa," akasema.
Tukatazamana. Akaleta chumvi.

Saa ya kulipa, Anesu aliipapasa mashine mara tatu,
mashine haikuwahi kumsikia mtu kama mimi.
Mwisho akabonyeza alichoweza.
Ninayo risiti hadi leo, kwenye kitabu cha anwani, imefifia:
MKIA WA NG'OMBE, MMOJA,
na chini yake, kwa kalamu ile ile inayoishiwa wino,
bila mkia.