Jezi Namba Sita

Usiniulize makombe. Niulize sabuni.
Mimi Tausi Kondo wa Chang'ombe, nyuma ya kiwanda,
nimefua jezi za Viberiti miaka thelathini na miwili,
na historia ya timu naijua kwa madoa.

Hili la kutu ni la sabini na moja.
Milingoti ya goli ilikuwa mabomba ya maji,
na Dunstan, kipa, kila akiokoa aliukumbatia mlingoti
kama mtu aliyempata ndugu yake stendi.
Meneja alitoa mipira miwili na kreti la soda,
zamu ya usiku ikatoa miguu.

Rangi yetu hudhurungi, kama kichwa cha njiti.
Mji huu una rangi zake, kila nyumba imeshachagua.
Hata wake wa wachezaji wetu, siku ya watani wa jadi,
walituacha wakaenda kupiga vigelegele kwingine.
Siku hiyo nilihesabu watazamaji: arobaini na mmoja,
na mbuzi, ambaye refa alimtoa nje.

Sabini na tisa, jezi tatu hazikuja kufuliwa.
Wenyewe walikuwa Kagera.
Wawili walirudi.
Ya Shomvi niliikunja ikakaa kabatini
mpaka nondo wakaimaliza. Sikuwafukuza.

Themanini na nne tulipanda daraja.
Themanini na tano tukashuka.
Uwanjani hakuna aliyetuweza, tulifungwa mezani:
leseni ya Kizito, beki wa kushoto, ilikuwa na picha ya kaka yake.
Watu wa tai, ambao tope la Chang'ombe hawalijui,
wakatukata pointi sita.
Kizito alikuja kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akasema, "Dada Tausi, lakini tunafanana."
Sikucheka. Nilicheka baadaye,
mwezi mzima ulikuwa umepita.

Kiwanda kilipofungwa, mshahara wa mwisho ulilipwa kwa katoni.
Kikosi kizima kikauza viberiti Kariakoo.
Ni Pazi tu, winga wetu, ambaye mgambo hawakumkamata.

Tukaendelea, mchangani, kwa nauli ya kuchangishana,
Katibu Mwinshehe akiandika kila senti,
mpaka mvua za tisini na nane zikaingia ofisini
zikayasoma madaftari yote kwa usiku mmoja.
Ndiyo maana nakwambia mambo ya madoa.
Hakuna pengine yalipoandikwa.

Elfu mbili na mbili tukapanda tena,
mchana kweupe, bila picha ya kaka ya mtu.

Ndipo akaja tajiri kutoka bara,
shati lake jeupe sijui analifua nani.
Hakuwataka wachezaji. Alitaka nafasi.
Kuliko kuanzia wilayani, alisema, nanunua daraja.
Mimi nilidhani daraja ni la kuvukia, halibebeki.
Walisaini kwa mama lishe, penye meza isiyo na mguu mmoja,
Mwinshehe akiishikilia kwa goti.
Jina likauzwa. Deni langu la sabuni halikununuliwa.

Sasa timu iko huko kwenye machimbo,
inaitwa kwa jina la kampuni, inavaa bluu,
na redioni wanasema imeanzishwa elfu mbili na tatu.

Dereva alikuja kuchukua vifaa.
Nikakunja, nikahesabu mbele yake: kumi na nne.
"Sita iko wapi?"
Nikamwambia upepo uliitoa kambani.
Akatazama kamba. Akatazama mawingu, yametulia tuli.
Akasaini kumi na nne.

Haikuwa ya nyota yeyote, hiyo sita.
Ya kiungo mkabaji. Waliivaa watu tisa kwa zamu,
na hakuna hata mmoja aliyeirudisha ikiwa na rangi yake.
Magotini, kifuani, mpaka kwenye ukosi: udongo.
Vidole vyangu viliharibikia humo.

Iko chini ya godoro.
Jumamosi naitoa, naitazama kwenye mwanga.
Safi. Miaka yote hii, safi.
Nachota maji, naifua.