Kalamu Moja

Bi Hilda Sagar alifuma nguo miaka thelathini na minne
katika kinu cha Burnley, mitambo mia nne ikipiga kelele kwa pamoja,
mpaka masikio yakasalimu amri.
Wafumaji walijifunza kusomana midomo:
umbea, bei ya nyama, nani ana mimba ya nani,
yote kimyakimya, kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule.

Hilo meneja wetu hakulijua.

Alisimama nyuma ya kioo cha ofisi, mlango kaufunga,
akatuambia: jazeni. Wakaguzi wanakuja Jumanne.
Tukajaza. Sisemi "wakajaza". Nami nilikaa
kwenye kiti chenye gurudumu bovu, usiku wa manane,
nikamnywesha Bi Hilda maji kwa kalamu:
saa mbili, mililita mia na hamsini. Saa nne, mia na hamsini.
Saa sita, amegeuzwa kushoto. Saa nane, kulia.
Kwenye karatasi alimaliza jagi zima.
Kitandani midomo yake ilibanduka
kama rangi ya dirisha kuukuu.

Tulikuwa wawili kwa watu thelathini na mmoja.
Nalisema hilo si kwa kujitetea.
Au ni kwa kujitetea.

Mkaguzi alikuja na viatu bapa na mwavuli uliovunjika ubavu.
Tulimpangia faili mezani, na biskuti.
Alifungua moja, akaielekeza kwenye mwanga,
akasema taratibu, kama anayejisemea:
kalamu moja, wino mmoja, siku tisa.
Kisha akapiga goti kando ya kitanda,
akafinya ngozi ya mgongo wa mkono wa Bi Hilda.
Ngozi ikasimama. Ikakataa kurudi.

"Waliambiwa wajaze," Bi Hilda akasema, kwa sauti kubwa ya viziwi,
"na yule mwenye tai. Niliona kila neno."

Daraja tulilopewa sitalitaja. Lilibandikwa mlangoni,
wajukuu wakalisoma kabla ya kubonyeza kengele.
Mwenye tai aliondoka na mmea wake wa dirishani.

Akaja Bi Gaynor Threlfall. Hakuitisha mkutano.
Alitutokea usiku wa pili, saa tisa, koti limelowa,
akakunja mikono ya sweta, akauliza:
"Nani anajua Bi Hilda anapenda chai yake vipi?"
Tulikuwa na sera za kurasa mia mbili na kumi.
Hatukujua.
Tukageuza wazee tisa pamoja naye kabla ya alfajiri.
Mgongo ulimuuma, akatukana kidogo.
Asubuhi akawapigia simu wamiliki, kudai mtu wa tatu wa zamu ya usiku,
mlango wazi, sote tukimsikia akishindwa,
na tena Ijumaa akishindwa,
na wiki ya tatu akikata simu bila kuaga,
akitoka na jina la mtu kwenye kipande cha bahasha.

Sasa chati zetu zina aibu zake.
Saa nne: amekataa.
Saa sita: nusu kikombe, nusu imeishia shukani.
Saa nane: nimechelewa dakika arobaini, kengele ya chumba cha saba.
Bi Gaynor huzipitia na penseli;
zile safi ndizo huzitilia shaka.

Ukaguzi wa pili tulipata "Inahitaji Kuboreshwa".
Zuhra alilia chooni. Bi Gaynor aliibandika mwenyewe,
akainyoosha kwa kiganja, akarudi jikoni.

Chai rangi ya tofali, sukari vijiko viwili,
kikombe cha kauri, si cha plastiki.
Namwinua kichwa. Saa hizo Kiingereza hunitoroka:
"Kunywa, Bibi. Kidogo tu."
Anaikazia macho midomo yangu, anakunja uso;
haya hayamo katika yale aliyoyasoma kinuni.
Anakunywa. Kisha anasema,
kwa sauti ya kuamsha korido nzima:
"Rudia. Polepole."