Rufaa ya Mwenyeji Aliyepona

Kwa kamati ya rufaa, Mbale.
Mimi Kageha Lugalia, wa Kegondi,
nyumba ya pili ukipita jiwe lililopasuka,
nawaandikia kwa mkono wa Egadwa, mtoto wa jirani,
maana hati yangu hupanda vilima
na ninyi, nasikia, mnapenda mistari iliyonyooka.

Mwezi wa tatu alikuja mgeni.
Mvua ya saa tisa ilikuwa imemtangulia,
viatu vyake vimebeba nusu ya shamba langu.
Akapiga hodi.
Kwetu mgeni hakaribishwi na mtu aliyekaa
kama gunia la makaa.
Nikashika mwimo wa mlango, mkono huu,
nikashika meza, mkono huu,
nikajivuta,
nikasimama.
Moyoni nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Kwenye tano goti likanisaliti,
nikarudi kitini nikicheka
ili mgeni asione haya.

Alikunywa chai. Alikula ndizi.
Alisema, mama, nyumba yako ni safi.
Kisha akaandika.

Barua ikaja mwezi wa sita:
*Mhusika anaweza kusimama bila usaidizi.
Malipo yamesitishwa.*

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikujua mtu huponywa kwa kalamu.
Polio ilinikuta nina miaka mitatu.
Mama alinibeba mgongoni hadi Kaimosi,
akarudi, akaenda tena;
madaktari, waombezi, mafuta ya mnyonyo,
miaka hamsini na mmoja, hakuna aliyeweza.
Huyu aliweza kwa vikombe viwili vya chai!
Mpelekeni hospitali, wodi zimejaa.

*Bila usaidizi.* Basi naomba kamati
iuite mwimo wa mlango utoe ushahidi.
Uulizeni ubao ule, uliolainika kama sabuni
mahali pa vidole vinne.
Iiteni meza. Mguu wake wa kushoto
umefungwa waya kwa ajili yangu.

Elfu mbili kwa mwezi.
Shemeji yangu asema hiyo si pesa ya kugombania na serikali.
Shemeji yangu ana miguu miwili.
Ndiyo iliyomlipa Vugutsa kuniletea maji ya chemchemi,
madumu matatu kila asubuhi,
na kuninunulia raba za ncha za magongo,
ambazo sakafu yangu huzila kama njugu.
Sasa Vugutsa huja bure.
Huja amechelewa, wala hanitazami usoni.
Simlaumu. Mimi pia simtazami.
Mwezi wa nane nilikuwa naoga kwa kikombe.

Egadwa ameuliza: niandike *nasikitika*?
Nimemwambia aandike *nakataa*.
Amefuta, ameandika. Karatasi imetoboka hapo,
mniwie radhi.

*

Siku ya kusikizwa nilifika kwa toroli la mchanga,
Egadwa akisukuma, mimi nimekalia mto wa kanisani.
Mwenyekiti alikuwa kijana mwenye sauti ya upole.
Akasema, "Mama, hebu simama kidogo tuone."

Chumba kikanyamaza.
Kiti changu kilikuwa cha plastiki. Mwimo ulikuwa mbali.
Mikono ikaanza kutafuta, yenyewe,
kama ilivyofunzwa tangu utoto.
Nikaikalia.

Hapana, mwanangu, nikasema.
Nilisimama mara moja, kwa heshima ya mgeni.
Leo mgeni ni mimi.

Hakuna aliyejibu. Mmoja alikohoa.
Karani ndiye aliyeinuka, mama wa makamo,
akaizunguka meza akanijia nilipoketi,
akagonga muhuri mapajani pangu, juu ya faili:
IMEPOKELEWA.
Jibu, siku tisini.

Tuliporudi mvua ilitukuta kwenye mteremko.
Egadwa aliniuliza kama nimeshikilia.
Nilikuwa nimeshikilia:
mkono mmoja ukingo wa toroli,
mmoja nakala, chini ya leso, kifuani,
wino wake bado mbichi
ukinipaka.