Kamba ya Kuazima

Walikuja kuazima kamba yangu ya kuanikia,
vijana wawili wa wakfu ule wa ng'ambo ya barabara,
gereji ya zamani ya malori, hapa Katuba,
iliyoandikwa mlangoni NYUMBA YA SANAA
hadi mvua ikaangusha herufi ya mwisho
ikabaki NYUMBA YA SANA. Nasi tunaiita hivyo:
Watoto wako wapi? Wameenda Sana.

Mnataka kuanika nini, nikauliza.
Wakasema: Jumamosi utaona. Na vibanio, mama, kama unavyo.
Ninavyo arobaini na kimoja. Niliwahesabia mkononi.

Mimi ni mfuaji. Nafua sare za wachimbaji,
suruali zinazosimama zenyewe kwa vumbi.
Maji ya kwanza ni matope.
Ya pili, kutu.
Ya tatu huacha kijani chembamba ukingoni mwa beseni,
kijani cha shaba, kisichomlisha aliyekibeba.
Miaka kumi na sita nayamwaga mtaroni.

Kisha akaja Kyalwe, binti wa Banza,
miaka tisa, meno mawili ya mbele hayapo,
na makopo mawili ya nyanya.
"Mama Numbi, niuzie maji machafu."
Niuzie! Nilicheka hadi nikakaa chini.
Akaeleza: rangi za duka zimekwisha huko Sana,
mwalimu Mwilambwe amesema kila mtu alete rangi ya kwao.
Mmoja kaleta makala ya kusaga,
mwingine udongo wa kichuguu,
mapacha wa Ngoie wameiba sombe kinuni kwa mama yao
na kelele za mama huyo zilifika sokoni.
Yeye anataka maji ya nguo za baba yake.
Ya baba yake tu.
Nikampa ya pili na ya tatu.
Hela sikuchukua. Hakuwa nayo.

Jumamosi naiona kamba yangu imevuka barabara,
kutoka nguzo ya umeme isiyo na umeme
hadi dirisha la gereji,
na juu yake hakuna suruali:
treni yenye miguu,
bibi mwenye nywele za waya,
kile kilima cheusi cha masalia ya shaba
kimechorwa kama bukari iliyoungua,
na vibanio vyangu vimeshika kila kitu masikio.
Watu walisimama na ndoo vichwani.
Mwenye baiskeli ya makala aliiegemeza ukutani, akasahau bei.
Kiingilio hakikuwepo;
kingekuwepo, hata mimi nisingevuka.

Kyalwe alichora mgongo.
Mgongo tu, karatasi nzima.
Na uso? nikamuuliza.
"Anatoka kukiwa giza, anarudi nimelala.
Huu ndio ninaoujua."

Saa kumi Banza akafika, vumbi mwilini.
Hakuna aliyemwonyesha.
Akaipita treni, akampita bibi, akasimama.
Tulidhani atalia. Tukanyamaza vibaya,
kama watu wanaosubiri kitu kianguke.
Yeye akasema:
"Bega la kushoto limeshuka."
Akaligusa lake. Akajaribu kulinyanyua.
"Tangu lini?"
"Tangu zamani, baba."

Mwalimu alitaka kusema neno, mvua ikamwahi,
mvua ya Novemba isiyopiga hodi,
tukaikimbilia kamba kama watu wa nyumba moja,
tukianua: bibi, treni, mgongo.
Kilima kililowa. Kikapendeza zaidi, nadhani.

Jumatatu kamba ikarudi na vibanio thelathini na tisa.
Viwili sijavidai.
Nikafua shati la Banza.
Maji ya tatu nikayatia kwenye chupa, nikaiweka kando.
Nikalianika kwa mabega, sawasawa, kama siku zote,
nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama,
nikaenda tena
nikakilegeza kibanio cha kushoto,
kidogo.