Nusu Senti

Saa tano usiku, Lurambi. Mvua imekwisha kusema yake,
mabati bado yanadondosha vituo.
Ujenzi umekwama tena, asilimia tisini na moja,
mstari mwekundu: maktaba moja, matoleo mawili.
Moduli ya mizani inataka la nne.
Moduli ya malipo imeng'ang'ania la pili
kama mgeni aliyekalia kiti cha marehemu
na hakuna wa kumwambia ainuke.

Kesho Ijumaa.
Wakulima mia sita na kumi na wawili wa ushirika wa maziwa
watatazama simu kabla ya chai.

Dawa ya haraka naijua: lazimisha la nne kote,
fumba macho, jenga.
Nikalazimisha. Kijani.
Ningelala.
Lakini mkono, sijui ulitafuta nini,
ukafungua faili la malipo,
na humo, juu ya namba ya toleo, maneno ya Khasandi
aliyehamia Eldoret bila kuagana na mtu:
*Usiguse. Ikibaki nusu senti, la nne huitupa.
La pili humwachia mkulima.*

Nusu senti.
Hainunui hata kichwa cha njiti ya kiberiti.
Nikachukua karatasi, nikamweka Muhonja wa Shinyalu,
lita zake saba na kidogo, asubuhi na jioni,
nikazidisha kwa mwezi, kwa watu wote.
Ukikisia juu juu, lita tatu.
Lita tatu ambazo hakuna angejua amezikosa.

Nikaurudisha mstari mwekundu.

Kwetu walikuwako Shikuku wawili, boma moja.
Ukiita, wote wanakuja, au hakuna anayekuja.
Bibi akamwita mmoja Shikuku wa Mtoni,
na chakula kikaanza kufika kwa mwenyewe.
Basi nikalifungasha la pili peke yake,
nikalipa jina jingine, ukoo mwingine,
yakikutana mlangoni yasiitikie mwito mmoja.
Mara nne lilikataa.
Mara ya tano nilikuwa nimesahau nukta.

Saa tisa na robo, kijani.
Nikaandika juu yake: *Usiguse. Muulize Khasandi.*
Nikafuta. Namba yake haipatikani siku hizi.
Nikaandika sababu yote, mistari tisa,
na lita tatu nikazitaja.

Nje pikipiki ya kwanza ya maziwa ikapita,
mitungi ikigongana.