Tatizo la Pili

Sehemu ya tisa. Wameingia tena kwenye nyumba yenye giza
na hakuna hata mmoja aliyepapasa ukuta kutafuta swichi.
Miaka ishirini na miwili nafungua runinga za watu
hapa Majengo, nyuma ya soko, na nasema:
kwanza swichi, kisha fyuzi,
mizimu iwe ya mwisho kwenye orodha.

Tazama kile kidude cha yule dada wa koti refu,
kinacholia pii-pii kikinusa roho.
Nakijua. Ni mita tu ya fundi.
Ninayo hapa mezani, imezungushiwa gundi ya karatasi,
na ikilia ujue betri ndiyo inayokufa,
si mtu.

Na zile chenga kwenye kioo, ambazo profesa wao
anazikodolea huku jasho likimtoka,
eti ni ujumbe kutoka upande wa pili.
Profesa, upande wa pili wa nini? Kaza waya wa antena.
Mimi chenga nimezikuta zimeletwa na panya, na kutu,
na upepo wa Agosti unaobeba vumbi lote la Chamwino,
na siku moja na mjusi aliyekaukia juu ya saketi,
mkia wake umeunganisha nyaya mbili
ambazo hazikuwa na la kuambiana.

Viumbe wa nyota nao hutua kwenye majani mabichi tu,
yaliyofyekwa vizuri, usiku usio na mbwa.
Waje Nala. Waje na taa zao zote.
Kabla ngazi haijagusa chini watatokea watu watatu,
kila mmoja na barua ya toleo ya kiwanja hichohicho,
na mjumbe nyuma yao akiuliza
wageni wamefikia kwa nani.

Ndahani, kijana wangu wa kazi, hucheka hadi kuangusha bisibisi.
Lakini mlango ukijifungua wenyewe kwenye kioo
ananyamaza, anasogeza kigoda mbele.
Namwona. Simsemi.

Juzi mama Sechelela alileta runinga yake kwenye toroli,
imefunikwa kanga kama mgonjwa.
"Picha inacheza," akasema. Hilo la kwanza.
La pili alilisema Ndahani alipokwenda kuchota maji:
kila jioni, saa mbili kasoro dakika chache,
inajiwasha.
Tangu mzee Chedego azikwe, mwezi wa nne.
Yeye yuko jikoni anasonga ugali wa uwele,
sebuleni mtu anaanza kuongea.

Nilifurahi, nakiri. Nikafungua, nikapuliza vumbi,
nikabadilisha kapasita mbili zilizovimba. Picha ikatulia.
Kisha nikaingia kwenye menyu,
nikashuka, nikashuka,
na hapo nikaikuta: saa ya kujiwasha.
Kila siku. Kabla ya taarifa ya habari.
Nikamwonyesha kama wakili anayeinua kisu mbele ya hakimu:
"Si mzimu, mama. Mzee mwenyewe aliitega,
kwa kidole chake, asipitwe na habari."

Aliitazama ile namba kwa muda.
"Kwa hiyo ni yeye," akasema.

Nikafungua mdomo.
Mita ilikuwa palepale mezani. Haikulia.

"Niitoe?"
Alikuwa ameshaanza kuifunika kanga, akiichomeka pembeni
kama mtu anayemfunika aliyelala.
"Hiyo usiiguse."

Kwenye risiti nikaandika kwa herufi kubwa:
TATIZO LA KWANZA LIMETENGENEZWA.
TATIZO LA PILI LIMEACHWA KWA OMBI LA MTEJA.
Elfu kumi na tano. Akalipa kumi, tano akaahidi.

Sehemu ya kumi ni leo usiku. Ni upuuzi, nimeshasema,
na taa zikizimika nitasema ni TANESCO.
Ila wewe Ndahani, sogeza kigoda kidogo,
unaniziba.