Siku Saba

Walikuja na basi la usiku kutoka Dar,
vifaranga mia tatu kwenye maboksi yenye matundu,
wanalia kama maji yanayotaka kuchemka.
Nikawapokea Kange alfajiri,
nikawakodia bodaboda mbili hadi Makorora.
Wa kwanza kufa nilimzika.
Waliofuata niliwatupa.

Siku ya saba, chanjo.
Siku ya kumi na tano gunia la chakula limepanda elfu nne.
Muuzaji anasema ni soya, anasema ni dola,
anazitaja kama mashemeji wakorofi
waliohamia kwake bila hodi.
Siku ya ishirini na tatu wakaanza kukoroma,
mabawa chini, macho yana povu.
Shekiondo wa duka la mifugo hakuuliza mengi.
Akanipa kopo. Unga wa manjano,
kijiko kimoja kwa lita kumi,
maji yakawa rangi ya mkojo wa asubuhi.
Wakanywa. Wakanyamaza. Wakanenepa.

Binti yangu Mwanamisi, kidato cha pili,
aliligeuza kopo akasoma ubavuni
yale maandishi madogo kama sisimizi:
"Mama, wasichinjwe mpaka zipite siku saba
tangu waache dawa."
Nikamwambia, liweke juu ya kabati.

Siku mbili tangu waache dawa
akaja Bi Tatu wa Barabara ya Kumi na Mbili,
anaoza, anataka kuku mia na themanini, taslimu.
Stoo nina gunia moja na nusu.
Siku saba ni magunia saba,
magunia saba ni faida yote na kodi ya banda juu yake.
Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu.
Simu na vidole vikakubaliana.

Nyuma ya nyumba, upande wa choo,
nina mitetea wanne wa kienyeji,
wanachakura makombo, wanagombania kumbikumbi.
Hao ni wa kula.
Wa mbele ni wa kuuza.
Sentensi hiyo sijawahi kuitamka
mbele ya mtu.

Jumamosi nikaenda harusini na kanga mpya.
Sinia likaja, tukalizunguka wanne:
mimi, somo wa bibi harusi,
Zawena mwenye mimba ya miezi saba,
na mkwe wao aliyeshuka kutoka Lushoto
na matenga sita ya nyanya.
"Nyanya zako zinang'aa," nikamsifu.
Akacheka, akanisogelea sikioni:
"Hizo zinapigwa dawa kila Jumatatu na Alhamisi.
Sisi tuna tuta letu dogo, pale jikoni,
halijui pampu."

Nikacheka naye. Nilijua kicheko kile.
Kinafugwa kwangu, upande wa choo.

Zawena akapewa paja, kwa heshima ya tumbo.
Husemwa mla kuku wa mwenziwe
miguu humwelekea.
Aliyemfuga hakutajwa.
Lakini sinia lile, miguu yake yote
ilikuwa imenielekea mimi.
Bi Tatu akapita na birika:
"Kuku wako laini, mashallah!
Nyama inaachia mfupa yenyewe."

Ningesema nimefunga. Sikusema.
Nilikula nyanya zake, akala kuku wangu,
vidole vyetu vikapishana kwenye mchuzi,
kila mmoja akimlisha mwenziwe mbele ya nyumba yake,
ya nyuma ameiacha nyumbani.

Usiku nikarudi. Waliobaki, mia na kidogo,
wamelala chini ya taa, wamejazana kama unga.
Kwenye mlango wa banda Mwanamisi amechora
mistari ya chaki: mmoja, wa pili, wa tatu.
Pembeni ameacha nafasi
ya mingine minne.
Hakuniuliza kitu. Alinipokea kanga tu, akaikunja.

Asubuhi, kabla ya uji, simu inalia.
Ni yule wa chipsi, karibu na Mkwakwani.
Anataka arobaini.
Anawataka leo.